Karatasi za Sandukuni na Historia ya Machakos

Mzee anapofariki katika vilima vya Iveti, au Kangundo, au Masii, au kule Yatta, watu wa nyumbani hukaa matanga, na matanga yakiisha huja siku ya kufungua sanduku lake. Mara nyingi ni sanduku la bati lenye kufuli, ambalo kwa miaka mingi lilikaa chini ya kitanda na watoto wakakatazwa kuligusa. Kitu cha kwanza kinachotafutwa humo ni hati ya shamba. Ikipatikana hutolewa na kuwekwa mahali pa salama. Kisha hutazamwa kitabu cha benki na kadi ya chama cha ushirika wa kahawa. Yaliyobaki ni karatasi za rangi ya majani makavu: barua zilizokunjwa mara nne, stakabadhi za kodi, cheti cha ubatizo, daftari la shule lililojaa hesabu za mbuzi, picha ya askari aliyesimama mbele ya pazia la mpiga picha. Hizo hazina mwenyewe. Hutiwa katika gunia, na siku nyumba ya zamani inapobomolewa ili ijengwe ya mawe, gunia huchomwa pamoja na takataka.

Mazungumzo haya yanahusu gunia hilo. Katika gunia moja la namna hiyo huweza kuwamo ushahidi wa mpaka wa shamba, wa ndoa ya mjane, wa utumishi wa askari, na wa mambo makubwa ya Ukambani ambayo hayakuandikwa mahali pengine popote.

WALIOANDIKA KWANZA

Mtu asidhani kwamba Ukambani ni nchi iliyokosa maandishi. Yameandikwa mengi, tena mapema. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Kitui, aliuona mlima wenye theluji, akaandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba. Jina hilo la mlima ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima ya Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851, Krapf alipokuwa katika safari yake ya pili, na habari za kifo chake zimebaki vitabuni kwa kuwa mgeni wake alikuwa na kalamu.

Mwaka 1889 kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company ilijenga kituo katika nchi ya Masaku, na wageni walipoliandika jina la mzee huyo likawa Machakos. John Ainsworth alikabidhiwa kituo hicho mwaka 1892. Kwa miaka michache mji huo mdogo ulikuwa makao ya utawala wa sehemu hii ya bara, mpaka reli ilipopita mbali nao, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi nazo zikahamia huko.

Karatasi za watu hao ziko wapi? Barua ambazo Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa chama cha CMS zimetunzwa Birmingham, Uingereza. Karatasi za Ainsworth zimo Oxford. Huko huko Oxford zimo barua za Francis Hall, ofisa wa Kampuni aliyekaa Fort Smith katika nchi ya Wakikuyu, akafa mwaka 1901. Hall hakuwa akiandika historia. Alikuwa akimwandikia baba yake habari za kazi yake, za afya yake na za ugomvi na majirani. Barua zikatunzwa nyumbani kwao, na leo wataalamu wanaochunguza mambo ya miaka ile ya 1890 huzitegemea sana. Zilikuwa karatasi za sandukuni tu, kama zile za gunia. Tofauti ni kwamba zilipata watu wa kuzitunza.

Hao waliotangulia kuandika walikuwa wageni, nao waliona mambo kama wageni wanavyoyaona. Kivoi mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja. Masaku naye hakuacha. Kwa wazee wa wakati huo hapana la kufanya isipokuwa kusikiliza masimulizi yaliyorithiwa. Lakini watoto na wajukuu wao walikwenda shule za misioni na za serikali. Tangu Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alipofungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, kusoma na kuandika kulienea Ukambani kidogo kidogo, na kila aliyejua kuandika aliandika kitu: barua, hesabu, ahadi, deni, jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Kwa hiyo wajukuu hao wameacha maneno yao wenyewe. Yapo, lakini hayapo katika nyumba za vitabu.

MAFAILI YA SERIKALI

Mwanafunzi atakaye kujua habari za Machakos ya zamani huelekezwa Nairobi, kwenye Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965 na ambayo sasa imo katika jengo lililokuwa la Benki ya India. Humo yamo mafaili ya D.C. wa Machakos: taarifa za kila mwaka, mambo ya machifu, mashauri ya mipaka, mvua na njaa, kodi na barabara. Ni hazina, na mtu asiidharau. Vitabu vizuri vimetokana nayo, kama kile cha J. Forbes Munro juu ya utawala wa kikoloni na Wakamba, kilichotolewa mwaka 1975.

Hata hivyo hazina hiyo ina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba si kila kitu kilifika humo. Mwaka 1939 moto uliteketeza ofisi kuu ya serikali Nairobi pamoja na mafaili mengi. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, mafaili yapatayo 1,500 yalipelekwa Uingereza kwa siri, yakafichwa kwa miaka mingi, na habari zake hazikutangazwa waziwazi mpaka mwaka 2011, wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza katika mahakama ya London kwa mateso ya wakati wa Hali ya Hatari. Tangu mwaka 2012 mafaili hayo yalianza kufunguliwa Kew, karibu na London. Mtu wa Mwala au Matungulu atakaye kuyasoma yalivyo hana budi kusafiri, au kumtegemea aliyesafiri.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi, ingawa hausemwi sana. Faili la D.C. huandika lile ambalo D.C. alitaka kujua. Alitaka kujua ni nani mchochezi, kodi imelipwa kiasi gani, ng'ombe ni wangapi. Hakuuliza mama wa nyumba alifikiri nini wakati ng'ombe wake walipopigwa chapa.

MWAKA WA NG'OMBE

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mambo ya mwaka 1938. Serikali iliona kwamba ardhi ya Ukambani inamomonyoka vibaya, ikahukumu kwamba kosa ni wingi wa ng'ombe, ikaamuru wapunguzwe kwa lazima. Wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda chahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Watu hawakushindwa kuunganisha mambo hayo mawili. Ng'ombe walikamatwa, wakauzwa kwa bei ya chini. Chama cha Ukamba Members Association kikasimama, na Muindi Mbingu akawa msemaji wake. Mwishoni mwa Julai mamia kwa mamia ya wanaume, wanawake na watoto walitoka vilimani, wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi Kariokor. Walikaa majuma kadhaa. Mwezi wa Agosti Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, alikwenda Machakos kusema na watu. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha amri ya kupunguza ng'ombe kwa lazima iliachwa.

Hayo yote yamo katika mafaili na katika vitabu, na Nairobi kuna barabara yenye jina la Muindi Mbingu. Ni mambo yanayojulikana. Ila msomaji mwenye akili atauliza maswali ambayo mafaili hayajibu sawasawa. Umati wa namna hiyo ulikula nini Nairobi kwa majuma yote hayo? Nani alitoa fedha, na kila nyumba ilitoa kiasi gani? Nani alibaki nyumbani kuchunga? Wanawake waliokwenda walikubaliana wapi, na kwa maneno gani? Maofisa waliandika majina ya viongozi kwa kuwa waliwatafuta wawakamate. Waliobeba unga hawakutafutwa, kwa hiyo hawakuandikwa.

Chama kile kilikuwa na wanachama, na wanachama walitoa michango. Mahali penye michango huwa pana daftari, au angaa karatasi iliyoandikwa majina na senti. Kama daftari moja tu la namna hiyo lingali katika sanduku upande wa Kangundo au Iveti, thamani yake yapita mafaili kadhaa ya ofisi, kwa sababu lingeonyesha shauri hilo kutoka ndani. Na likiwa lilichomwa wakati nyumba ilipojengwa upya, hakuna mtaalamu wala fedha itakayolirudisha.

KIPANDE NA BARUA ZA ASKARI

Kuna karatasi ambazo wenyewe walizichukia, na kwa hiyo walizitupa mapema. Ya kwanza kwa kuchukiwa ni kipande. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimishwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni katika kikasha cha chuma. Wengine walikichoma kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Lakini kipande kilichosalia ni kitabu kizima cha maisha ya mtu. Kinaonyesha jina lake na alama ya kidole chake, bwana aliyemwajiri, siku aliyoingia kazini na siku aliyotoka, na mshahara wake. Mjukuu anayekisoma hujua kwamba babu yake hakuwa tu "mtu aliyefanya kazi kwa Wazungu". Huona shamba moja baada ya jingine, miezi ya kazi, na shilingi zenyewe.

Vivyo hivyo vyeti vya askari. Inajulikana kwamba Wakamba waliingia jeshi la keya, yaani King's African Rifles, kwa wingi kuliko hesabu yao katika nchi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wengine walichukuliwa kuwa wapagazi, ambao jina lao la Kiingereza ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika vita vya pili walifika Burma, na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Kutoka huko waliandika nyumbani. Barua zao zilisomwa kwanza na wakaguzi wa jeshi, nao walinakili vipande walivyoona vyafaa kupelekwa kwa wakubwa. Vipande hivyo vimesalia katika mafaili, na wataalamu hunukuu kutoka humo. Barua zenyewe zilifika Ukambani, zikasomewa wazazi na mwalimu au mtoto wa shule, zikawekwa. Basi ulimwengu unazo sehemu zilizomvutia mkaguzi, na sehemu alizopenda mama hazionekani.

PICHA MBILI ZA KILIMA KIMOJA

Faida ya kutunza yaonekana hasa katika habari ya picha. Mwaka 1937 ofisa wa kuhifadhi udongo, R. O. Barnes, alizunguka Machakos akipiga picha za miteremko iliyoliwa na mvua: makorongo mekundu, ardhi tupu, mti mmoja hapa na mmoja pale. Taarifa za siku hizo zilitabiri kwamba nchi hii itakuwa jangwa. Zaidi ya miaka 50 baadaye watafiti walizichukua picha zake, wakatafuta mahali pale pale aliposimama, wakapiga tena. Walichokiona kilistaajabisha wengi. Watu walikuwa wameongezeka kutoka wapatao 240,000 mwaka 1932 hadi 1,393,000 mwaka 1989, katika wilaya ile ya zamani ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1992. Hata hivyo miteremko ilikuwa imefunikwa na matuta, miti na mashamba yaliyotunzwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1994, nacho kimesomwa duniani kote na wale wanaobishana juu ya ardhi na wingi wa watu.

Kama picha za Barnes zingetupwa, ubishi huo ungekosa shahidi wake bora. Lakini picha ya kilima haimwonyeshi aliyechimba. Yale matuta ya "fanya juu", ambamo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu wa mteremko, yalichimbwa kwa majembe na vikundi vya mwethya, na wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa Nairobi, Mombasa au jeshini. Vikundi vilikuwa na zamu, na zamu ziliandikwa. Nani alichimba kwa nani, siku gani, nani hakuja na alitozwa nini: hayo yamo katika madaftari ya makatibu wa mwethya na ya vikundi vya akina mama vilivyofuata. Ni madaftari ya senti chache, yenye jalada lililochanika. Karatasi za wanawake ni chache kuliko za wanaume, na hutupwa upesi zaidi, kwa sababu mama mara nyingi hakuwa na sanduku lenye kufuli. Watu wa nyumbani wakipata daftari kama hilo katika kapu la bibi, walitazame mara mbili.

KARATASI NA HAKI ZA WATU

Watu wengine husema kwamba historia ni ya wasomi, na mkulima ana kazi nyingine. Waende barazani au mahakamani wasikilize. Wakamba wa zamani walitofautisha weu, ardhi ya malisho ya wote. Kisesi, mahali mtu alipojitengea malisho yake. Na ng'undu, shamba la ukoo lililolimwa na kurithiwa. Sheria ya kupima na kuthibitisha mashamba ilipotolewa mwaka 1968, wazee walikaa chini ya miti wakisikiliza nani ni mwenye ng'undu na nani alikaribishwa tu. Aliyekuwa na karatasi ya mauziano, hata iliyoandikwa kwa penseli na kutiwa dole gumba na mashahidi wawili, alisimama mahali pazuri kuliko aliyekuwa na maneno matupu. Mashauri mengine ya siku hizo hayajakwisha hata leo, na watoto wa mashahidi wameanza kuzeeka.

Na katika ndoa ni hivyo hivyo. Kwa desturi ya Kikamba, mbuzi wa ntheo ndio wanaoonyesha kwamba mwanamke ameolewa. Mashauri ya urithi yamefika mahakamani ambamo swali kubwa lilikuwa moja: je, ntheo ilitolewa? Mume amekwisha kufa, wazee waliokula nyama wamekufa, na ndugu wa mume wanasema mwanamke huyo alikuwa mgeni tu. Mjane mwenye daftari la mkwewe lililoandikwa "mbuzi watatu wa ntheo", na siku, na majina ya waliokuwapo, ana silaha mkononi. Mwenzake ambaye daftari lake liliwashia moto hana kitu.

JINSI YA KUTUNZA

Kutunza hakuhitaji fedha nyingi. Kwahitaji mtu mmoja katika ukoo aliyechaguliwa, na ukoo wote ujue ni nani. Adui wa karatasi Ukambani ni mchwa, panya, maji, jua na moshi. Sanduku la bati ni jema, lakini lisikae juu ya sakafu ya udongo; liinuliwe juu ya matofali au ubao, mbali na ukuta wenye unyevu. Pini na vibanio vya chuma hushika kutu na kula karatasi, basi viondolewe polepole. Barua iliyokunjwa ifunguliwe na kulazwa. Iliyochanika isibandikwe kwa utepe wa gundi wa dukani, kwa maana gundi hiyo baada ya miaka hugeuka kahawia na kuharibu wino. Wala hati ya zamani isipelekwe kuvikwa plastiki kwa moto, kama wengi wafanyavyo siku hizi wakidhani wanaihifadhi. Ikiisha kuvikwa haivuliki. Bahasha isitupwe, kwa kuwa muhuri wa posta huonyesha mahali na siku hata kama mwandishi hakutaja.

Picha ndizo zinazokufa upesi kuliko zote, na hazifi kwa mchwa. Hufa wakati mtu wa mwisho awezaye kusema "huyu ni fulani" anapozikwa. Yafaa basi mzee akingali hai aketishwe mchana, kwenye mwanga, aonyeshwe picha moja moja, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kugandamiza. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera na ya kunasa sauti. Sauti ya mzee inaswe anaposema, na karatasi zipigwe picha, kisha nakala zipelekwe kwa ndugu wawili au watatu walio mbali, ili moto mmoja usimalize zote. Lakini karatasi yenyewe isitupwe kwa sababu imepigwa picha. Simu huibiwa na kuvunjika, na karatasi zilizoandikwa wakati wa Muindi Mbingu zingali zasomeka bila umeme.

Tarehe zinapokosekana, wazee wana kalenda yao. Mtu asiyejua mwaka aliozaliwa hujua njaa iliyokuwapo. Njaa ya Ngomanisye ilikuwa ya miaka ya 1898 na 1899. Njaa ya Ndeke ilikuwa ya mwaka 1961, wakati chakula kilipoletwa kwa ndege. Ile ya Nikw'a Ngwete, yaani "nafa nikiwa nimeshika", fedha zikiwa mkononi na chakula hakuna madukani, ilikuwa ya mwaka 1984. Mzee akisema barua hii ilifika "kabla ya Ndeke", aandikwe vivyo hivyo, kwa maneno yake, na mwaka uwekwe kando. Haifai kuyafuta maneno ya mzee na kuweka namba tu.

WENGINE WALIVYOFANYA

Mahali pengine jambo hili limekwisha kuzaa matunda. Huko Ibadan, Nigeria, mtu wa ushirika aliyeitwa Akinpelu Obisesan aliandika habari zake siku baada ya siku kwa miaka mingi, na madaftari yake yametunzwa katika Chuo Kikuu cha Ibadan. Waandikao historia ya mji huo huanzia hapo. Henry Muoria, mhariri wa gazeti la Mumenyereri lililoanza mwaka 1945, alikwenda Uingereza mwaka 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa, asiweze kurudi kuendelea na kazi yake. Maandishi yake yalibaki naye na jamaa zake London, na mwaka 2009, miaka 12 baada ya kufa kwake, binti yake pamoja na wataalamu waliyatoa katika kitabu, pamoja na habari za wake na watoto wake. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya vitabu zaidi ya 8,000 na karatasi nyingi, na mkusanyo huo sasa umo katika ile Nyumba ya Kumbukumbu Nairobi, ambapo mtu yeyote aweza kwenda kuomba kusoma.

Hao walikuwa watu wenye majina. Lakini Obisesan alipoanza kuandika alikuwa karani tu, na mengi aliyoandika yalikuwa juu ya madeni yake na ugomvi wa nyumbani.

Hapo ndipo penye shida ambayo haifai kufichwa. Sanduku lina siri. Lina barua ya mjomba aliyefungwa, deni ambalo halikulipwa, mtoto ambaye baba yake hakutajwa. Watu wa nyumbani huogopa aibu, na wengi huchoma kwa sababu hiyo, wala si kwa upumbavu. Hofu yao ni ya haki, ila moto si dawa ya pekee. Karatasi za siri zaweza kufungwa katika bahasha, na juu yake kuandikwa mwaka ambao yaruhusiwa kufunguliwa. Serikali yenyewe hufanya hivyo, kwani mafaili yake kwa kawaida hukaa miaka 30 kabla ya kusomwa na watu. Ukoo ukiamua miaka 50, ni hiari yake.

Tena huja wageni, wanafunzi wa vyuo na waandishi, wakiomba kuazima. Wengi ni watu wema. Hata hivyo karatasi iliyotoka nyumbani kwa kuazimwa mara nyingi hairudi, na mwenye nyumba haoni haya kuidai ila hajui aidai wapi. Mgeni akaribishwe, apewe kiti na meza, asome hapo hapo na kupiga picha hapo hapo. Akihitaji kuchukua karatasi yenyewe, aandike stakabadhi yenye jina lake, chuo chake, namba ya kitambulisho, hesabu ya karatasi na siku ya kuzirudisha, mbele ya mashahidi wawili wa ukoo. Na kitabu chake kikitoka, nakala moja iletwe. Stakabadhi hiyo nayo iwekwe sandukuni.